Mpaka wa Jabali na Mstari wa Chuma

Juu ya Mkuyuni, Morogoro
4 Juni 2025

Kwa mpwa wangu Chausiku,

Mimi Yunusi nina miaka themanini na moja, na nimeshazika wake wawili, ndugu wanne wa tumbo moja na mimi, na wenyeviti wa kijiji watano. Kile kiwanda cha magunia cha mjini nilichokibebea mizigo kimeota magugu, mimi bado napanda mlima bila fimbo. Matuta ya mkoloni nimeyaona kwa macho yangu, walitulazimisha kuyachimba, wazee wakagoma, matuta yakafa na mkoloni akaenda zake, mimi nipo. Kwa hiyo ukisikia mtu huko Uswidi anasema mjomba wako kazeeka, mwambie aje tushindane kushuka Mkuyuni na kurudi.

Salamu zangu zikufikie huko kwenye baridi. Hujambo? Kifua hakijambo? Chakula unakiweza? Mimi mzima, ni goti la kushoto tu linalolalamika asubuhi, likipata jua linanyamaza. Mke wangu Raya anasema nikuandikie uvae soksi. Haya, soksi nimeandika.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, kwa kisomo cha watu wazima, sikumwandikisha mtu. Yasmin wa steshenari pale Mkuyuni ataipiga picha akutumie, na wewe ukijibu atanichapia kwenye karatasi. Simu sitaki. Kwenye simu mtu anasema halafu anakana.

Sasa neno lenyewe. Wapimaji wa ardhi wanakuja huku kwetu tarehe kumi na nane Agosti, kila shamba litaandikwa hati na jina la mwenyewe. Unajua sisi ardhi inafuata tumbo. Shamba la marehemu mama yako, dada yangu, ni la lukolo letu, ukoo wa upande wa mama, na katika tumbo lile umebaki wewe peke yako. Mimi mjomba ni mlinzi tu. Wanangu hawana hata mgomba mmoja pale, wao wana kwa mama zao.

Na Bartholomeo ameamka. Yule mwalimu mstaafu wa ukoo wa pale juu yetu. Anasema shamba lao linashuka mpaka kwenye kijito. Kijito! Yaani mama yako abakiwe na mchanga wa kufulia nguo. Mimi nasema shamba letu linapanda mpaka kwenye jabali, na mafenesi yangu saba yamo humo, yamezaa kabla Bartholomeo hajaota ndevu.

Mama Magreth, mwenyekiti wa kamati ya ardhi, ametangaza kwamba asiyekuwepo haandikwi. Nikamwambia mwenye shamba yuko Uswidi anapima uzito wa nyota. Watu wakacheka, nikawatazama mpaka wakaacha. Kwa hiyo njoo. Acha nyota, hazina miguu, utazikuta.

Mjomba wako,
Yunusi


Uswidi
12 Juni 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa ajili ya goti. Mimi sijambo, kifua kimetulia, na Shangazi Raya mwambie soksi navaa mbili mbili hata sasa ambapo wenyewe wanasema ni kiangazi. Nimeisoma barua yako mbele ya wenzangu wa maabara, nikawatafsiria pale pa kushindana kushuka Mkuyuni, na mmoja amesema anakuogopa.

Mjomba, sipimi uzito wa nyota. Nisikupe maneno ambayo Mwalimu Bartholomeo atakuja kuyachekea. Nieleze kidogo.

Umeshaona chumvi ikianguka kwenye moto? Ulimi wa moto unakuwa njano. Ile njano ni ya chumvi, haiwi ya kitu kingine. Shaba ina kijani chake. Kila kitu kikipata moto kina rangi zake, na ukiutandaza mwanga wa nyota kama upinde wa mvua unaona ndani yake mistari myembamba, mamia kwa mamia. Huu wa chuma, huu wa chokaa, huu wa chumvi. Ndivyo tunavyojua nyota imeumbwa na nini wakati hakuna aliyefika.

Ila kujua kipo ni rahisi, kujua kipo kiasi gani ndiyo kazi. Chukulia mchuzi. Ukionja ukawasha, huwezi kusema pilipili ngapi zimetiwa mpaka ujue ni pilipili gani. Pilipili kichaa moja inawasha chungu kizima. Hoho unaweza kutia kumi usisikie kitu. Mistari nayo iko hivyo. Upo mstari mkali, chuma kidogo tu na unaonekana. Upo mstari mpole, mpaka chuma kiwe kingi. Ukali wa kila mstari hauko mbinguni, unapimwa hapa chini, kwa taa yenye kikombe cha chuma ndani yake. Halafu unaandikwa kwenye jedwali, na watu wote wa nyota duniani wanasoma jedwali hilo.

Mimi nina nyota moja. Imejificha nyuma ya vumbi, mwanga wake unaotufikia ni ule wa joto tu ambao jicho halioni. Profesa wangu anasema ina chuma kidogo sana, na nyota yenye chuma kidogo ni ya kale, ya mwanzo mwanzo wa ulimwengu. Mwezi wa tisa ataitangaza, na masomo yangu yote yamekaa juu ya nyota hiyo. Ila kuna mistari mingine miwili mitatu inayosema chuma kipo kingi. Inanisumbua. Nalala nayo, naamka nayo.

Zamu yangu ya kutumia taa ni hiyo hiyo wiki ya tarehe kumi na nane Agosti. Nikiikosa, nyingine ni mwakani, na mwakani fedha za masomo zimekwisha. Mjomba, siwezi kuja. Je, huwezi kunisimamia? Mashahidi wa mpaka unao?

Mpwa wako,
Chausiku


Juu ya Mkuyuni
21 Juni 2025

Kwa Chausiku,

Salamu. Mimi mzima kuliko juzi. Wewe naona umekuwa mtu wa kumwandikia mjomba wake "siwezi". Mama yako hakuwahi kuniambia siwezi, alikuwa anasema ngoja.

Chumvi nimeijaribu. Nimemwaga kwenye mafiga ya Raya, kweli moto ukawa njano kama yai. Nikaita watu, nikawaambia tazameni, hivi ndivyo tunavyojua nyota katika ukoo wetu. Raya akasema, "Na mboga za leo mtazijua hivyo hivyo, chumvi ndiyo imekwisha." Sijali. Abdulswamad ameondoka amekubali.

Unaniuliza mashahidi? Mimi? Ninao watano, na wote watu wazima wenye akili zao: Abdulswamad shemeji yangu, Pili muuza mananasi, Elia wa mashine ya kusaga, Yeremia, na Devotha mke wake. Waulize usiku waulize mchana, watakuambia neno moja: jabali. Hakuna anayepunguza wala kuongeza. Watu watano kusema kitu kimoja bila kukosea, hiyo ni kweli au si kweli?

Juzi nilimkuta Bartholomeo kwa Yasmin anatoa kopi ya kitambulisho. Akanisalimu kwa sauti ile ya darasani.

"Mzee Yunusi, nasikia mpwa wako anapima nyota. Amekosa nafasi ya kupima shamba?"

Nikamwambia, "Mwalimu, umefundisha hesabu mpaka ukapewa saa ya ukutani, na bado hujui kuhesabu. Mimi nina watu watano. Wewe una nani?"

"Mimi nina kijito."

"Kijito kinahama!"

"Hata jabali lako linahama, mzee. Tangu niko mdogo kila masika linapanda mlima."

Watu waliokuwa pale wakaangua kicheko, hata Yasmin, nikamwona, alijificha nyuma ya mashine. Nimerudi nyumbani nimepanda mlima kwa hasira nikafika kabla ya pikipiki ya Elia. Tangu siku hiyo sikai. Nikikaa nasimama. Naenda shambani naliangalia jabali, narudi, naenda tena. Raya anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Njoo, Chausiku. Mashahidi ninao, kilichobaki ni mwili wako kusimama pale. Hiyo taa mwachie mwenzako aiwashe.

Mjomba wako,
Yunusi


Uswidi
3 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hasira imeshuka mlima hata kama wewe hujashuka. Huku jua halizami vizuri, na mimi nimeacha kulala vizuri, kwa hiyo tuko sawa.

Ngoja nikuambie kilichotokea, maana sina mwingine wa kumwambia akasikia.

Ule mstari unaosema nyota yangu ina chuma kidogo, nilikwenda kwa profesa nikamwambia nina shaka na ukali wake ulioandikwa kwenye jedwali. Akanijibu kwa upole, ndivyo walivyo, hata wakikuzomea ni kwa upole. Akasema, "Kuna vitabu vitano vinavyotoa namba hiyo hiyo. Vitano. Wewe una nini?" Mjomba, nilisikia kama niko kwa Yasmin.

Nikaanza kuvifuata vitabu hivyo kimoja kimoja. Mwandishi wa tano kasema nimechukua kwa wa nne. Wa nne kachukua kwa wa pili. Wa tatu naye kwa wa pili. Wa pili kwa wa kwanza. Na huyo wa kwanza, mwaka wa sabini na kitu, hakuwasha taa yoyote. Alikaa mezani akaukokotoa ukali wa mstari kwa hesabu, akaandika na pembeni kwamba apatikane mtu wa kuupima. Hakuna aliyeupima. Waliokuja nyuma walinakili namba, ule usemi wa pembeni wakauacha. Kwa hiyo sikuwa na mashahidi watano. Nilikuwa na mmoja, na huyo mmoja hakuona.

Labda hesabu yake ni sahihi. Inawezekana kabisa. Lakini hakuna anayejua, na sisi tunataka kuitangazia dunia nyota ya kale kwa neno lake.

Sasa Mjomba, usinikasirikie. Watu wako watano, jabali walilionaje? Nani aliwaambia?

Mpwa wako,
Chausiku


Uswidi
20 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Ni wiki ya tatu sijapata neno lako. Nimemwandikia Yasmin, amesema barua yangu alikuchapia, uliisoma umesimama mlangoni, ukaikunja ukaitia mfukoni, ukaondoka bila kumuaga. Amesema siku nyingine ulipita mbele ya duka ukielekea chini na hukugeuza shingo. Anasema pia hajakusikia ukijisifu tangu hapo, na jambo hilo ndilo limenitia hofu. Unaumwa? Ni goti au ni mimi?

Kama ni mimi, nisamehe kwa kuuliza vibaya. Kuuliza kwenyewe sitaomba msamaha, wewe ndiye uliyenilea hivyo, na hutaki mtu wa ndiyo ndiyo.

Nimekaa nikafikiri sana. Nikiwa mdogo mama alikuwa ananilaza kwenye kanga chini ya migomba ya pale huku analima. Siwezi kuwa mtu wa kupima mambo ya mbali halafu pale nilipolazwa paandikwe jina la mwingine. Sema neno moja tu, Mjomba, nitaiacha zamu ya taa nije. Tiketi nimeshaulizia. Profesa atafurahi, atatangaza nyota yake bila mtu wa kumvuta shati. Mimi nitatafuta kazi ya kufundisha, si aibu.

Neno moja.

Mpwa wako,
Chausiku


Juu ya Mkuyuni
28 Julai 2025

Chausiku,

Usije.

Salamu nimesahau, salamu. Mimi mzima.

Niliwauliza wale watu. Mmoja mmoja, kila mtu kwake, wasisikilizane. Pili akasema, "Si uliniambia wewe siku ya harusi ya Devotha?" Devotha akasema ameambiwa na Yeremia. Yeremia kaniambia, "Mzee, huo mpaka si umeutaja wewe kila tukikaa kunywa kahawa?" Abdulswamad kanishangaa, akaniuliza kama nina homa. Nikabaki na Elia, Elia ni mtu mzima kuliko wote, nikasema huyu lazima ameona. Akazima mashine ya kusaga, akafikiri, akasema, "Mimi aliniambia marehemu mjomba wako, wewe ukiwa umekaa pale pale."

Nimekaa pale pale kweli. Na mimi aliniambia siku hiyo hiyo.

Tumeelewana. Mambo ya huku nayaweza, nimeyaweza makubwa kuliko haya. Wewe washa taa yako. Mtu asikunyang'anye zamu yako kwa ajili ya mafenesi.

Nina safari, msinitafute.

Mjomba wako


Uswidi
24 Agosti 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hujambo? Uko wapi? Yasmin anasema ulionekana ukipanda basi la Kisaki ukiwa na Mwalimu Bartholomeo, nikamjibu huyo si mjomba wangu, mtu mwingine amevaa kofia yake. Tarehe kumi na nane imepita na mimi sijui kitu. Nimejizuia kuuliza kila siku, sasa nimeshindwa.

Ya kwangu ni haya. Tuliiwasha taa. Siku ya kwanza ilikataa, kikombe kilikuwa na unyevu. Siku ya pili ikawaka, rangi ya zambarau iliyopauka, nzuri. Tukautandaza mwanga wake, na mstari wangu ukatokea pale pale unapotakiwa kutokea, ila mnyonge. Nikarudia. Nikabadili kikombe nikarudia. Nikamwita mwenzangu asiyejua natafuta nini, apime mwenyewe aniambie. Akapata kama mimi.

Ile tuliyoiita pilipili kichaa ni hoho, Mjomba. Na kama ni hoho, basi chuma katika ile nyota kipo kingi, kama katika nyota nyingine yoyote. Si ya kale. Si ya mwanzo wa ulimwengu. Ni nyota ya kawaida nyuma ya vumbi.

Sijashangilia. Sura mbili za kazi yangu zimekufa pamoja na nyota ya profesa, nitaziandika upya. Nilipomwonyesha akasema tangazo lisimame, akatoka, akarudi akaniuliza kama nimekula. Namba yangu itaingia kwenye jedwali, na pembeni yake nitaandika kwamba imepimwa. Ndiyo faida niliyopata.

Tafadhali niandikie. Hata kama umeshindwa, niandikie.

Mpwa wako,
Chausiku


Juu ya Mkuyuni
1 Septemba 2025

Kwa mpwa wangu Chausiku,

Nani kakuambia nimeshindwa? Mimi sijashindwa na mtu tangu matuta.

Salamu nyingi. Hujambo mama? Mimi nina nguvu, goti limepona kwa mwendo, Raya mzima ila hasemi nami tangu niliposafiri bila kuaga, atasema. Barua yako nimesomewa na Yasmin kwa sauti, watu wamejaa dukani. Wengine wamesikitika nyota kuwa ya kawaida. Nikawaambia nyinyi hamjui kitu, nyota ni nyingi, lakini aliyembishia profesa na profesa akakubali ni mmoja, na ni wa tumbo letu.

Sasa sikia nilivyofanya, maana uliposema wale watano ni mmoja, mtu mwingine angekaa alie. Mimi nilikaa nikawaza hivi: natafuta mtu anayeujua mpaka lakini hajawahi kunisikia mimi nikiuongea. Chausiku, hiyo ni kazi ngumu. Kijiji chote hiki kimenisikia. Kitongoji cha ng'ambo kimenisikia. Nikatembea siku kadhaa na sikumpata, mpaka nikaona hakuna njia, mtu kama huyo atakuwa upande wa adui.

Nikaenda kwa Bartholomeo. Kwa miguu yangu, mlango wa mbele. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akaniangalia akasema, "Umekuja kunipiga?"

Nikasema, "Ningekuja kukupiga ungesikia tangu bondeni. Nataka kukuuliza, hicho kijito chako umekiona au umesimuliwa?"

Akakasirika. Akasema mjomba wake alimwambia. Nikamuuliza mjomba wake nani alimwambia. Akapukuchua bunzi ambalo halina hata punje. Mwisho akasema, "Mama mkubwa Josephina angejua. Lakini aliolewa Kisaki akiwa msichana, hajarudi."

Mimi nikasimama. "Hajarudi kabisa?"

"Kabisa. Na wewe hajakusikia, kama ndicho unachouliza."

Tukaenda. Njia nzima hadi Kisaki tumegombana, kuhusu dirisha, kuhusu nani ana adabu, kuhusu mwaka wa njaa. Kondakta akatuuliza kama sisi ni ndugu.

Bibi Josephina yupo, nyumba yake haiko mbali na reli, ana miaka tisini na zaidi, amekauka kama ukuni lakini macho makali. Nikamwamkia shikamoo, mimi! Miaka mingapi sijamwambia mtu shikamoo. Akauliza, "Huyu nani?" Bartholomeo akasema ni Yunusi. Akasema, "Yule aliyekuwa analia lia mgongoni kwa mama yake? Bado hajanyamaza?"

Tulikubaliana njiani tusimtajie jabali wala kijito. Bartholomeo akamuuliza tu, ukoo wa Yunusi unaishia wapi na wetu unaanzia wapi. Bibi akacheka, akasema mmekuja na basi kuniuliza hilo? Akasema mwaka alioolewa alikufa bibi yangu mimi, mzaa mama, na yeye alibeba maji ya msiba. Wakamzika pale penye bapa, kabla mteremko haujawa mkali, kichwa kuelekea juu, na wazee wa koo zote mbili wakasimama wakasema mama huyu amelala mwisho wa shamba lao, asivukwe na huku wala na kule. Wakapanga mawe matatu na chungu wakakifunika kichwani.

Nikamuuliza, "Bibi, una hakika?" Akasema, "Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwa unanyonya."

Tuliporudi tukaenda pale bapa na majembe, mimi na yeye, tukakata mgomba mmoja, tukachimbua polepole. Jembe la Bartholomeo ndilo lililogonga. Mawe matatu. Chungu kimebaki vigae. Tukaweka majembe chini. Yeye akafanya ishara ya msalaba, mimi nikasoma Fatiha, halafu tukafukia vizuri.

Kwa hiyo si jabali wala si kijito. Mafenesi yangu yameangukia upande wake. Sijali, kila mtu anajua nani aliyapanda, na nimemwambia yakiiva asisahau. Migomba yote na mikarafuu ya mama yako na pale ulipolazwa kwenye kanga, pote ni petu, na hakuna mtu atakayepagusa maana tumepaona.

Siku ya wapimaji watu walijaa. Nilitaja mpaka mwenyewe, kwa sauti, hapa penye mawe. Pili akapiga kelele, "Mzee, si jabali?" Nikamwambia nyamaza, wewe nilikuambia mimi. Mama Magreth akauliza, "Sawa, na mwenye shamba yuko wapi?" Nikasema yuko kazini. Akasema nilishatangaza, asiyekuwepo haandikwi. Nikafungua mdomo, na nakuambia ukweli mpwa wangu, nilitaka kutukana, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Bartholomeo akasimama. Akasema, "Mwenyekiti, andika. Mama yake nilikuwa naye darasa moja. Mtoto nimemfundisha mwenyewe kujumlisha. Na huyu mzee hapendi mtu, lakini amepoteza mafenesi saba kwa kusema kweli, kama angetaka kuiba angekaa kwenye jabali lake." Mama Magreth akatutazama wote wawili, akamwambia mpimaji andika.

Wameandika jina lako, Chausiku, na la mama yako likafuata. Nimeliona kwa macho yangu likiandikwa, nikalisoma herufi kwa herufi, halikukosewa.

Yasmin anasema wewe huwa hunisadiki yote. Basi safari hii usimuulize Pili wala Abdulswamad, hao mimi ndiye niliyewahadithia. Muulize Bartholomeo. Alikuwepo Kisaki, alikuwepo kwenye jembe, alikuwepo mbele ya kamati, na tangu tumezaliwa hajawahi kunisifia hata mara moja nikiwa nasikia.

Mjomba wako,
Yunusi